Barua ya wazi: Faili likilala, mtoto anakulia makaoni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Kamishna wa Ustawi wa Jamii,
Mheshimiwa Jaji Kiongozi wa Mahakama Kuu ya Tanzania,
na waheshimiwa wabunge wote.

YAH: UKOMO WA MUDA KATIKA MAOMBI YA KUASILI MTOTO

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni mume na mke, wakazi wa Mkoa wa Morogoro. Mimi ninayeandika ni mume, mwalimu wa sekondari. Mke wangu ni mhasibu katika kampuni binafsi. Tumeomba kuasili mtoto. Majina yetu yamo kwenye faili, na hatuyaweki hapa kwa ajili ya mtoto mwenyewe: siku moja atajua kusoma, na habari zake tunataka azisikie kwanza kutoka kwetu.

Ombi letu nalisema mapema, ili hata asiye na nafasi ya kusoma barua yote alipate. Wekeni ukomo wa muda kwa kila hatua ya maombi ya kuasili, kuanzia siku mwombaji anapokabidhi barua yake kwa Afisa Ustawi wa Jamii mpaka siku mtoto anapoandikwa kwenye Daftari la Watoto wa Kuasili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hatuigombezi. Imetaja umri wa mwombaji asiye ndugu wa mtoto, kwamba awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Imetaja ridhaa ya nani inahitajika, imetaka uchunguzi ufanyike, imeweka uamuzi mikononi mwa Mahakama Kuu. Hata muda ambao mtoto lazima akae kwanza mikononi mwa waombaji kabla ya amri kutolewa, imeuwekea kiwango cha chini. Kila mwombaji anajua nini kinatakiwa kwake. Ambacho hajui, na hakuna aliyewahi kutueleza, ni muda gani ofisi inaruhusiwa kukaa na barua yake bila kujibu.

Tulifikaje hapa? Tulioana tukiwa na hamu ya watoto kama wenzetu. Mimba haikuingia. Yaliyofuata mnayajua, kwani kila ukoo una mtu aliyepitia: kliniki, dawa za homoni, mizizi iliyoletwa na watu wenye nia njema, maombi ya kufunga, na maswali kwenye kila harusi na kila msiba. Aliyepimwa ni mke wangu. Alipimwa damu, akapimwa tena. Alipigwa picha ya mirija ya uzazi, kipimo ambacho dawa husukumwa ndani ya kizazi huku mwanamke amelala pale anauma meno. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, nimeshika mkoba wake, na hakuna aliyeniita ndani. Kipimo cha mbegu za kiume, ambacho ni rahisi kuliko vyote na hakiumi, kilikuja mwisho kabisa. Nacho ndicho kilichotoa jibu. Tatizo lilikuwa kwangu.

Nalisema hadharani kwa sababu wapo wanawake wanaoitwa wagumba, wengine wamerudishwa kwao, na waume zao hawajawahi kupimwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hukutana na ugumba wakati fulani maishani mwake, na madaktari wa uzazi wanajua fika kwamba mara nyingi mwanamume anahusika, peke yake au pamoja na mkewe. Wizara ya Afya haimo kwenye anwani ya barua hii, lakini kama itaisoma, tunaomba jambo dogo: mume na mke wapimwe pamoja tangu siku ya kwanza.

Daktari alitueleza habari za upandikizaji mimba, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kurudishwa kwenye kizazi. Si jambo la ng'ambo tena. Watoto wa kwanza wa njia hiyo nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Ila kwa mwalimu na mhasibu, bei ya jaribio moja ni mamilioni ya shilingi yasiyokuwepo, na bima yetu haikuwa tayari kubeba hata sehemu yake. Jioni moja tuliketi sebuleni na daftari la matumizi. Mke wangu akaandika kiasi alichotaja daktari, akakizungushia duara, halafu akasema fedha hizi, hata zikipatikana, zingetosha kumlea mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Tangu jioni ile hatukurudi nyuma.

Kuna jambo linanishangaza mpaka leo. Hospitali zote tulizopita, hakuna mhudumu aliyetutajia habari za kuasili. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Wananchi wanaijua kama mahali pa kuomba msamaha wa gharama. Mlango huo uko hatua chache tu kutoka kliniki ya uzazi, na afisa aliye ndani anaifahamu Sheria ya Mtoto. Hakuna anayemshika mtu mkono kumtoa chumba kimoja kumpeleka kingine. Sisi tulielekezwa na mwalimu mwenzangu, tukiwa chumba cha walimu tunasahihisha mitihani.

Nyumbani nako palihitaji maneno. Baba yangu mdogo aliuliza damu ya mtoto huyo tutaijuaje. Shangazi akashauri tuchukue mtoto wa ndugu, kama ilivyokuwa tangu zamani, na ushauri wake haukuwa mbaya, kwani nyumba nyingi za nchi hii zimelea watoto wa dada na wa kaka bila karatasi yoyote. Aliyefunga mjadala ni mama mkwe wangu. Yeye ni Mluguru wa Matombo, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Akawauliza wakubwa wenzake, "Mama wa mtoto si ndiye huyu binti yangu? Basi mtoto ana ukoo. Kikao cha nini tena?" Wakanywa chai, wakaondoka.

Afisa Ustawi wa Jamii alikuja kwetu kwa bodaboda, bila kutuambia saa, na alifanya vizuri kutotuambia. Aliingia chumba cha mtoto, akainua chandarua kwenye mwanga kuangalia matundu. Akauliza mtungi wa gesi unakaa wapi. Akazunguka nyuma kuona kama ndoo za maji zina mifuniko. Alizungumza na mwenyekiti wa mtaa, akazungumza na jirani ambaye hatukumchagua sisi. Kisha akaniuliza nikiwa peke yangu, mke wangu amebaki uani: "Baba, siku mkipata wa kuzaa wenyewe, huyu atakuwa nani?" Nilimheshimu kwa swali lile. Afisa huyo huyo hushughulikia migogoro ya ndoa, watoto waliopotea, wazee wasio na mtu na wanawake waliopigwa, katika eneo kubwa kuliko mtu mmoja anavyoweza kulizunguka. Kwa hiyo asije mtu akaisoma barua hii kama mashtaka dhidi ya maafisa wa chini. Wao ndio waliotutendea haki.

Taarifa yake ilipokamilika ikapelekwa mbele, na hapo kimya kikaanza. Tukiuliza ofisi moja, barua iko ofisi ya juu yake. Tukienda ya juu, imekwisha kushuka. Simu ikipokelewa, aliyepokea ni mtu mpole ambaye hana faili mbele yake. Mhusika yuko safarini, mhusika yuko kwenye mafunzo, njooni wiki ijayo. Safari moja tuligundua kwamba maombi yalirudishwa kwa kukosa kiambatisho kimoja, na kwa muda wote huo hakuna aliyetupigia simu. Kiambatisho chenyewe kilikuwa picha za paspoti.

Leo hii mwananchi anaomba leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI, anapata namba ya malipo na anaona ombi lake limefika wapi. Mahakama imehamia kwenye usajili wa mashauri kwa njia ya kielektroniki, nasi tunaipongeza kwa dhati. Mtu anayeomba kuwa mzazi, yeye anafuatilia kwa kubisha hodi mlango hadi mlango.

Mngesema, vumilieni, watu wazima huvumilia. Ni kweli, nasi tungevumilia kama anayesubiri ni sisi peke yetu.

Kibali kilipotoka hatimaye, tulipelekwa kwenye makao ya watoto, tukaonyeshwa binti ambaye ameshaanza kutembea. Alitujia moja kwa moja, akanyoosha mikono abebwe. Mke wangu akambeba huku machozi yanamtoka, akiamini kwamba mtoto amemchagua. Mlezi wa zamu, mama mtu mzima, alisubiri kidogo, kisha akamwambia kwa upole: "Anafanya hivyo kwa kila anayeingia, mwanangu."

Baadaye tuliona tarehe aliyopokelewa pale. Aliletwa akiwa kichanga. Aliletwa wakati maombi yetu yalikuwa yamekamilika, chumba chake kimekwisha kukaguliwa, na chandarua kisicho na tundu kimekwisha kufungwa. Kipindi chote tulichokuwa tunaambiwa njooni wiki ijayo, yeye alikuwa anajifunza kukaa, kutambaa na kusimama, mikononi mwa walezi wanaobadilishana zamu. Walezi wale ni watu wema na kazi yao ni nzito. Lakini mlezi mwenye vitanda vingi hawezi kuwa mama wa kila kitanda.

Sasa yuko kwetu, kwa malezi ya kambo, yaani tumekabidhiwa tumlee kabla hajawa wetu kisheria, tukisubiri amri ya mahakama. Mwanzoni alikula haraka haraka, mkono mmoja mdomoni na mwingine umeshika ukingo wa sahani. Usiku aliamka na hakulia. Mke wangu alimkuta zaidi ya mara moja amekaa gizani ndani ya chandarua, macho wazi, kimya. Mtoto wa umri ule akiamka usiku hulia ili aitikiwe. Huyu alikwisha kujifunza kwamba kulia hakuleti mtu. Siku aliyoamka akalia kwa sauti, tukakurupuka wote wawili, na mke wangu akasema, "Mungu, asante, analia."

Wenye elimu yao wameyapima mambo haya. Watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi mjini Bucharest, Romania. Baadhi walihamishiwa kwenye familia za malezi, wengine wakabaki na malezi yao ya kawaida. Matokeo waliyochapisha mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliokwenda kwenye familia walikua kiakili vizuri zaidi, na waliohamishwa wakiwa wadogo zaidi ndio walionufaika zaidi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, mwaka ule ule wa Sheria yetu ya Mtoto, inasema watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka 3, walelewe katika mazingira ya familia. Kwa hiyo mwezi mmoja wa barua kukaa trei ya afisa hauna uzito sawa na mwezi wa ombi la kiwanja. Unatoka kwenye umri ambao mtoto hatarudishiwa.

Jibu tutakalopewa nalijua, kwa sababu tumelisikia: tukiharakisha, tutawafungulia mlango wauza watoto. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana hatuombi hatua hata moja iondolewe. Ndugu wa mtoto watafutwe. Polisi waandike taarifa yao. Kama bibi yake yupo kijijini mahali fulani, akapatikana, akamtaka mjukuu wake, basi mtoto ni wa bibi, nasi tungerudi nyumbani na uchungu wetu. Tunachoomba ni kwamba utafutaji huo uwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, na awepo afisa mmoja wa kusaini kwamba ndugu wametafutwa hapa na pale na hawakupatikana.

Tena wauza watoto hawapiti ofisini kwenu. Hawajazi fomu. Wanaonufaika na ucheleweshaji ni wao. Katika miezi ile ya kimya, watu walioamini wanatusaidia walitufuata na habari hiyo hiyo zaidi ya mara moja: kuna binti mjamzito hana uwezo, mlipieni hospitali, mtoto aandikishwe kwa jina la mama wa hapa, yaishe. Tulikataa. Mtoto aliyeandikishwa kwa uongo hana haki iliyosimama. Siku yoyote mtu anaweza kuja kumdai, na yeye mwenyewe hatajua kamwe alitoka wapi. Lakini niwaambie ukweli, waheshimiwa, wapo wenzetu wanaochoka, na mtu aliyechoka na njia halali ndiye anayerubuniwa kirahisi.

Nije kwenye suala la kazi, ambalo linawahusu zaidi wabunge. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke anayejifungua likizo ya malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Likizo hiyo imefungwa kwenye kujifungua. Mke wangu alipopeleka barua ya kukabidhiwa mtoto kwa mwajiri wake, alijibiwa kwa adabu kwamba hakujifungua, hivyo achukue likizo yake ya mwaka kama imebaki. Ilikuwa imekwisha, kwa sababu aliitumia kufuatilia faili. Mtoto ambaye amebadilishiwa nyumba, harufu, sauti na chakula kwa siku moja, ambaye ndiyo kwanza anaanza kujifunza kwamba mtu anayeondoka hurudi, akaachwa asubuhi na dada wa kazi aliyemjua kwa siku chache. Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Ajira mwaka 2021, na mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto kwa nia ya kumwasili anapata mwezi mmoja wa likizo kwa mshahara kamili. Afrika Kusini, kuanzia Januari 2020, iliweka wiki 10 kwa mzazi anayeasili mtoto wa chini ya miaka 2. Sisi ambao wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, tusiwe wa mwisho kuliandika hilo kwenye sheria.

Kuna na matibabu. Mpaka amri ya mahakama itoke, mtoto hana cheti chenye majina yetu, na bima ya kazini kwa mke wangu inadai amri hiyo ndipo imwingize kama mtegemezi. Homa ikimpanda usiku tunalipa taslimu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kanuni zake zimtambue mtoto aliye katika malezi ya kambo kwa barua ya kukabidhiwa, asisubiri hukumu.

Mheshimiwa Jaji Kiongozi, kwako tuna neno fupi. Pale Temeke, Mahakama ilianzisha kituo jumuishi cha masuala ya familia, kwa hiyo umuhimu wa kuyatenga mashauri ya aina hii mnaujua kuliko sisi. Shauri la kuasili mara nyingi halina mgomvi. Afisa ameandika taarifa, waombaji wapo, mtoto yupo. Likipangwa foleni moja na migogoro ya ardhi na mikopo ya benki, linaahirishwa pamoja nayo. Tunaomba mashauri haya yawe na kalenda yake katika kila masjala ya Mahakama Kuu, na ahirisho likitolewa, sababu yake iandikwe pamoja na umri wa mtoto siku hiyo.

Mheshimiwa Waziri, kwako na kwa Kamishna tunaomba mfumo ambao mwombaji anapewa namba siku ya kwanza na anaona faili lake liko kwa nani na tangu lini. Ukomo wa kila hatua uandikwe kwenye kanuni, na ukipita bila uamuzi, jambo lipande ngazi lenyewe bila mwombaji kupanda basi. Maafisa wa ustawi wa jamii waongezwe na wapewe usafiri, kwa sababu ukomo bila watu wa kuutimiza utazaa taarifa za kupika mezani, na mtoto akikabidhiwa kwa taarifa ya kupika, hilo ni baya kuliko kuchelewa. Kila hospitali yenye kliniki ya uzazi iwe na utaratibu wa kuwapeleka wanandoa kwa afisa ustawi wa jamii, angalau wasikie kwamba njia hii ipo.

Tunaomba pia jambo ambalo halina gharama. Kila mwaka wizara inaposoma bajeti yake bungeni, itaje maombi mangapi ya kuasili yalipokelewa, mangapi yaliamuliwa, yalichukua muda gani, na watoto wangapi wa chini ya miaka 3 bado wako makaoni wakati orodha ya waombaji waliokwisha kuthibitishwa ipo. Wabunge wakiwa na takwimu hizo mkononi watajua cha kuuliza.

Majibu tunaomba yatolewe hadharani, kwani wenye faili kama letu ni wengi na hawajuani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mume na mke, waombaji wa kuasili
Mkoa wa Morogoro